Shajara ya mradi: kiigizi cha kinu cha nyuklia kinachofuata mzigo, Kigoma

Kinachojengwa ni programu ya Python inayoiga kinu cha maji ya shinikizo, pamoja na ubao wa plaiwudi wenye fimbo moja inayopanda na kushuka kwa mota, geji tatu za mshale, na kirungu cha kuzungusha kinachosimama badala ya vali ya tabaini. Kitatumika kufundishia mafundi umeme na wanafunzi hapa Kigoma. Tanzania haina kinu cha kuzalisha umeme wa nyuklia, lakini swali tunalolifanyia kazi liko hapa kila jioni: mzigo, yaani umeme unaohitajika, ukipanda na kushuka, mtambo unaufuataje?

Kigoma iliishi miaka mingi kwa mashine za dizeli zilizokuwa nje ya gridi ya taifa, na fundi aliyezoea dizeli analo jibu: gavana, kifaa cha kurekebisha kasi, inaongeza mafuta, mashine inaitika. Kinu hakiitiki hivyo. Kina njia kadhaa za kuongozwa, nyingine ya sekunde, nyingine ya dakika, nyingine ya saa nzima, na kila kinaposhushwa kinafungua deni linaloiva saa tano au sita baadaye, wakati mzigo wenyewe umeshatulia. Deni hilo ni zenoni, gesi inayozaliwa ndani ya kinu na kumeza nyutroni. Sehemu kubwa ya kazi iliyoandikwa hapa inalihusu.

Wiki ya 1: mzigo

Mkondo wa mzigo tulioanza nao ni wa kubuni, si vipimo vya shirika lolote, ila umechorwa kwa kuutazama mji. Kigoma na Dar es Salaam zinatumia saa moja, lakini kati yao kuna karibu nyuzi 10 za longitudo, kwa hiyo jua la Kigoma linazama kama dakika 40 baadaye, karibu saa 1 usiku. Taa zinawashwa kwa kuchelewa na kilele cha jioni kinasogea. Upande wa Kibirizi kuna betri za taa za kuvulia dagaa zinazochajiwa mchana. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika na mzigo huo unatoweka kwa siku kadhaa. Mambo haya tumeyahifadhi kwa hatua ya mwisho.

Kwa majaribio ya kwanza tumechukua umbo la kikatili zaidi: 100% kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, kisha 50% hadi alfajiri, kila badiliko likichukua dakika 30. Umbo hili linaonyesha makosa waziwazi. Ukianza na mkondo laini, kosa linajificha ndani ya mawimbi yake.

Wiki ya 2: nyutroni za kuchelewa

Urani-235 inapopasuka, nyutroni karibu zote hutoka papo hapo. Sehemu ya 0.65% tu huchelewa, ikitoka kwenye mabaki ya mpasuko yanayooza. Tumeweka makundi 6 ya kawaida, nusu-uhai (muda wa nusu yake kuoza) kuanzia sekunde 0.23 hadi sekunde 55.7. Bila sehemu hiyo ndogo hakuna fimbo wala mota ambayo ingewahi kinu.

Jaribio lililothibitisha: joto lisiwe na athari, kisha tia riaktiviti ya +100 pcm. Riaktiviti ni kipimo cha kizazi kimoja cha nyutroni kuzidi au kupungukiwa na kilichotangulia, na pcm 1 ni sehemu moja ya laki moja. Nguvu iliruka mara moja hadi 1.18 ya ilivyokuwa, sawasawa na 650 gawanya kwa 550, kisha ikaendelea kukua mara 2.72 kila sekunde 55. Hesabu ya mkono ya makundi 6 inatoa sekunde 55 vilevile. Tulipozifuta nyutroni za kuchelewa, muda huo ulikuwa sekunde 0.02.

Programu ilivunjika mahali ambapo huwavunjikia wengi. Tulitumia njia rahisi ya Euler, inayokokotoa wakati hatua kwa hatua, kwa hatua ya milisekunde 10, nguvu ikaanza kuruka chanya na hasi, kisha namba zikafurika. Chanzo si kosa la uandishi. Kizazi cha nyutroni katika kinu cha aina hii kinachukua takriban sekunde 0.00002, ukizidisha mara 2 na kugawa kwa 0.0065 unapata milisekunde 6.2, na hatua yoyote ndefu kuliko hiyo lazima ilipuke. Milisekunde 1 inafanya kazi, lakini siku moja ya kuiga inadai hatua milioni 86.4, na kompyuta mpakato iliyopo haiwezi kuimaliza kabla ya kipindi cha darasa kwisha.

Suluhisho: hatuzifuati tena nyutroni za papo hapo kwa wakati. Kila hatua tunazikokotoa moja kwa moja kutoka kwa yale makundi 6. Hatua sasa ni milisekunde 100, na siku nzima ni hatua 864,000. Njia hii ni halali mradi riaktiviti ikae mbali na 650 pcm, kwa hiyo kiigizi kinajizima kikigusa 300.

Wiki ya 3 na 4: tabaini inatangulia, kinu kinafuata

Katika vinu vingi vya maji ya shinikizo, mwendeshaji hagusi kinu kwanza. Vali ya tabaini inafunguka, mvuke mwingi unatoka, shinikizo kwenye kizalisha mvuke linashuka, maji yanayorudi kwenye kinu yanakuwa baridi kidogo. Maji baridi ni mazito zaidi, yanapunguza mwendo wa nyutroni vizuri zaidi, nyutroni za polepole hupasua urani kwa urahisi zaidi, na nguvu inapanda yenyewe. Kwenye ubao hili linaonekana vizuri sana: unazungusha kirungu, mshale wa joto unalegea chini, na mshale wa nguvu unaanza kupanda kabla fimbo haijasogea hata hatua moja. Mafundi wawili waliojaribu ubao walitafuta waya uliofichwa kati ya kirungu na geji ya nguvu. Hakuna waya.

Namba tulizoweka ni za katikati ya mzunguko wa mafuta, yaani muda kati ya kuweka mafuta mapya na kuyabadilisha: maji −40 pcm kwa kila nyuzi 1 °C, mafuta −3 pcm. Kutoka nguvu sifuri hadi kamili wastani wa joto la maji unapanda kutoka 292 hadi 306 °C, na mafuta yanapanda takriban 350 °C. Kwa hiyo 14 × 40 ni 560, jumlisha 350 × 3, jumla 1,610 pcm. Tumeweka 16 pcm kwa kila asilimia ya nguvu. Kushuka hadi 50% kunaachilia 800 pcm ambazo lazima kitu kizimeze. Namba hiyo 800 irudiwe kichwani, maana itarejea mara nyingi.

Mwanzoni mwa mzunguko, mafuta yakiwa mapya na maji yakiwa na boroni nyingi (kimeza nyutroni kinachoyeyushwa majini), athari ya maji ni dhaifu zaidi, kwa sababu maji yakitanuka yanaondoka pamoja na boroni yake. Tulijaribu −10 na kinu kikawa kizito kuitika. Mwishoni mwa mzunguko, kwa −60, kikawa kikali. Kidhibiti kilichorekebishwa kwa namba moja tu kitakuwa kibaya mara mbili kwa kila mzunguko.

Fimbo, ambazo zikizama zinameza nyutroni na kushusha nguvu, zinaingia kazini joto likitoka nje ya ukanda wa utulivu. Tumefuata mpango wa mitambo ya Westinghouse: chini ya 0.83 °C fimbo haisogei. Kutoka hapo hadi 1.67 °C inakwenda hatua 8 kwa dakika. Kisha kasi inaongezeka hadi hatua 72 kwa dakika tofauti ikifika 2.78 °C. Tulijaribu kuubana ukanda hadi 0.3 °C tukidhani joto litatulia zaidi. Fimbo haikutulia hata dakika moja: juu, chini, juu, chini. Joto la maji linachelewa nyuma ya nguvu kwa sekunde kadhaa, na kidhibiti kisichokuwa na subira kinasahihisha kosa ambalo tayari linajisahihisha. Katika mtambo halisi kila hatua ni vishikio vya chuma vinavyofunga na kufungua, na vina idadi ya hatua vinazoweza kuhimili. Tumerudisha 0.83.

Wiki ya 5: fimbo kwenye ubao

Fimbo halisi ina hatua 228 za milimita 15.9. Tumepunguza mara kumi: milimita 1.6 kwa hatua, jumla karibu milimita 365. Mota ni ya 12 V inayovuta ampea 1.5, mapigo 200 kwa mzunguko, imeungwa na skrubu ndefu inayosogea milimita 8 kwa mzunguko. Pigo moja ni milimita 0.04, kwa hiyo hatua moja ya fimbo ni mapigo 40 na safari nzima ni 9,120. Kasi ya juu, hatua 72 kwa dakika, ni mapigo 48 kwa sekunde. Mota inaimudu bila shida.

Shida ilikuja kwingine. Baada ya saa tatu za majaribio programu ilisema fimbo iko hatua 120, rula ikasema 111. Sababu zilikuwa mbili zilizoshirikiana: skrubu ilikuwa kavu, na umeme ulipoyumba volti za mota zilishuka chini ya 10, pigo likatolewa lakini mota haikugeuka. Sasa mota inakula kwenye betri ya 12 V iliyo kwenye chaji muda wote, skrubu ina grisi nyepesi (grisi nzito ya magari ilizidisha msuguano), na chini kabisa kuna swichi ya kikomo inayorudisha hesabu kwenye sifuri kila asubuhi.

Kosa hili tumeliacha kwenye somo, kwa sababu mitambo halisi inalo vilevile. Kaunta inahesabu hatua zilizoamriwa, haihesabu zilizotendeka. Ndiyo maana kuna koili zilizopangwa kando ya mrija wa fimbo zinazosoma mahali ilipo kweli, na katika mitambo ya Westinghouse tofauti ya zaidi ya hatua 12 kati ya amri na usomaji inahesabiwa kuwa hitilafu ya kushughulikiwa. Hatua 9 zetu zingepita bila kengele. Tumeongeza kipande cha rula ya kielektroniki kusoma mahali halisi.

Jambo moja la umbo. Hatua za fimbo hazina uzito sawa. Kundi letu lina pcm 1,000 kwa jumla. Katikati hatua moja ni karibu 8.8 pcm, lakini hatua 10 kutoka juu ni chini ya 0.2. Fimbo iliyotolewa kabisa haina meno: kidhibiti kinaizungusha na hakuna kinachotokea, kisha ghafla kinatokea. Kwa hiyo kwa nguvu kamili tunaiacha ikiwa imezama kidogo.

Wiki ya 6 na 7: zenoni

Mpasuko unazaa iodini-135 kwa takriban 6.4%, na zenoni-135 moja kwa moja kwa 0.2% tu. Iodini inaoza kuwa zenoni kwa nusu-uhai wa saa 6.57. Zenoni inameza nyutroni kuliko karibu kitu kingine chochote, na inaondoka kwa njia mbili: kuoza, nusu-uhai saa 9.14, au kumeza nyutroni na kugeuka kuwa zenoni-136 isiyo na madhara. Nguvu ikiwa kamili njia ya pili ndiyo kubwa. Ukipunguza nguvu unazuia njia hiyo, huku iodini ya jana ikiendelea kuoza kama kwamba hujagusa kitu.

Tumepima kiigizi kwa kuzima ghafla. Zenoni ya utulivu kwa nguvu kamili ni 2,700 pcm. Baada ya kuzima inapanda hadi karibu 4,400 kwenye saa ya 7 na nusu, kisha inashuka polepole. Mwishoni mwa mzunguko wa mafuta kinu kisicho na ziada ya 1,700 pcm hakiwezi kuwashwa saa hiyo. Kinasubiri.

Kosa la wiki: mwendo wa kwanza ulianza na iodini sifuri. Zenoni ikapanda kwa siku mbili nzima na fimbo ikatoka hadi juu, tukawa tunatafuta hitilafu kwenye kidhibiti cha joto. Kidhibiti kilikuwa sahihi. Anza na iodini na zenoni za utulivu, au acha kiigizi kiende saa 50 kabla ya kurekodi chochote.

Sasa usiku wenyewe. Saa 4 usiku tunashuka hadi 50%. Katika saa ya kwanza zenoni inapanda kwa kasi ya karibu 280 pcm kwa saa. Kilele kinafika saa 9 na nusu usiku: 3,300 pcm, yaani 600 juu ya ilipoanza. Mzigo kwa wakati huo umetulia kabisa, mji umelala, na asiyejua angesema hakuna la kufanya. Saa 12 asubuhi, tunapotaka 100%, zenoni bado ni 3,250. Tunapandisha. Nyutroni nyingi zinaanza kuila, wakati iodini ya usiku ilikuwa chache, kwa hiyo inaporomoka kupita mahali pake pa kawaida na kufika 2,360 saa 7 na nusu mchana. Kutoka kilele hadi shimo ni pcm 940, na mabadiliko yote mawili yametokea wakati mzigo haubadiliki.

Mchoro huu tumeuchapa kwa ukubwa wa karatasi nne na kuubandika juu ya ubao, mzigo kwa wino mweusi na zenoni kwa mwekundu. Ukiutazama kwa mbali unaona vilele vya rangi mbili havikutani popote.

Mfano wa Chernobyl unaingia hapa. Tarehe 25 Aprili 1986 kinu namba 4 kilikuwa kinashushwa kwa ajili ya jaribio, mwongozaji wa gridi wa Kyiv akaomba kisishuke zaidi kwa sababu umeme ulihitajika, nacho kikakaa nusu ya nguvu, MW 1,600 za joto, kwa saa kadhaa. Baada ya saa 6 usiku nguvu ilianguka hadi MW 30, na kwa sababu ya zenoni iliweza kurudishwa hadi 200 tu, tena kwa kutoa fimbo karibu zote. Aina ile ya kinu ilikuwa na udhaifu mwingine ambao vinu vya maji ya shinikizo havina: maji yakigeuka mvuke nguvu iliongezeka, na ncha za fimbo zilikuwa za grafiti. Lakini njia iliyowapeleka kwenye hali ile ilipitia zenoni, na mwanafunzi aione kwenye geji kabla ya kusoma habari yake.

Wiki ya 8: boroni

Asidi ya boriki inayeyushwa kwenye maji ya kinu, na boroni-10 inameza nyutroni kila mahali kwa usawa, juu na chini. Uzito tulioweka ni 8 pcm kwa kila ppm (sehemu moja ya boroni kwa milioni ya maji). Kuongeza ni rahisi, unasukuma asidi nzito. Kupunguza maana yake ni kuingiza maji safi na kutoa yaliyopo, na hapo hesabu inakuwa ya logarithimu.

Kinu chetu kina tani 200 za maji, na bomba linapitisha tani 20 kwa saa. Saa 12 asubuhi tunahitaji 545 pcm za kulipia zenoni, yaani kuondoa ppm 68. Kutoka 800 hadi 732: 200 × ln(800/732), tani 18, chini ya saa moja. Kutoka 100 hadi 32: 200 × ln(100/32), tani 228, zaidi ya saa 11. Ni deni lile lile, bomba lile lile. Na kila tani inayotoka inakwenda kwenye matangi ya kusafishwa, haimwagwi.

Ukitaka kufuata mzigo kwa boroni peke yake, ppm 800 inakuruhusu kupanda 40% kwa saa. Ppm 100 inakuruhusu 5% kwa saa. Aidha, ili kwenda sambamba na zenoni katika saa ile ya kwanza usiku unahitaji ppm 35 kwa saa, na bomba letu linaweza hivyo mradi boroni haijashuka chini ya 350. Mstari huo wa 350 tumeuchora kwenye geji ya tatu kwa rangi nyekundu. Mshale ukiwa chini yake, kiigizi kinakataa amri ya kushuka hadi 50% usiku na kuonyesha sababu. Baadhi yetu walitaka kiruhusu na kuonya tu. Tumeamua kikatae, kwa sababu mwanafunzi anayeonywa anabonyeza tena.

Wiki ya 9: fimbo za kijivu

Tulijaribu kuzimeza zile 800 pcm kwa fimbo yetu ya kawaida. Ikashuka hatua 151 kutoka juu, karibu theluthi mbili ya urefu. Nguvu ikabaki sawa na mzigo, lakini tulipokigawa kinu vipande viwili ndani ya programu, nusu ya juu ikawa giza na ya chini ikabeba kazi. Juu, nyutroni zikiwa chache, zenoni ikajikusanya na kuzidisha mwinamo. Saa kadhaa baadaye mizani ikageuka. Mawimbi hayo ya juu na chini yana kipindi cha karibu siku nzima, na geji ya nguvu ya jumla haiyaonyeshi hata kidogo. Programu sasa inaonyesha tofauti ya juu na chini kwa mstari wake peke yake.

Ufaransa, ambako nyuklia inatoa karibu 70% ya umeme, ililazimika kulitatua hili tangu miaka ya 1980. Mtindo wao wa G unatumia fimbo za kijivu: katika kifungu cha fimbo 24, 8 ni za aloi ya fedha, indiamu na kadimiamu na 16 ni za chuma cha pua, kwa hiyo zinameza kidogo na hazipindishi kinu sana zikizama. Kazi zimegawanywa. Fimbo za kijivu zinafuata nguvu, na kila asilimia ina mahali pake pa fimbo. Kundi jingine, R, linashikilia joto. Boroni inafuata zenoni polepole.

Mgawanyo huu ukiuweka kwenye hesabu ya usiku wetu, mambo yanafunguka. Saa 4 usiku fimbo za kijivu zinazama na kumeza 800. Usiku kucha boroni inapunguzwa zenoni inavyopanda. Saa 12 asubuhi deni la 545 limeshalipwa, fimbo za kijivu bado ziko ndani na 800 zake, na ukizitoa unapanda 5% kwa dakika bila kusubiri bomba. Kwa kasi hiyo 50% ni dakika 10. Vinu vya Kifaransa vinaweza kushuka kutoka 100% hadi 30% na kurudi kwa namna hii. Mchana, zenoni ikizama, boroni inarudishwa, karibu ppm 110 kati ya alfajiri na saa 7 na nusu.

Kinachobaki kuzuia kasi ni mafuta yenyewe. Vidonge vya urani vinatanuka haraka kuliko mrija wa zirkoni unaovifunika, na mrija uliozoea nguvu ndogo kwa muda mrefu unaweza kupasuka ukipandishwa ghafla. Kiigizi hakina hesabu hiyo. Tumeweka kikomo cha kasi tu.

Wiki ya 10: frikwensi, na vinu vingine kwa ufupi

Mtelemko wa gavana ni 4%: kwa 50 Hz, badiliko la 2 Hz ni nguvu yote. Tumebana mchango wa kinu kwenye ±2%, ambayo inaisha frikwensi ikipotoka kwa 0.04 Hz tu. Tulipounganisha kinu na gridi ndogo ya kuiga, mchango huo ulikaa ukutani karibu muda wote, juu au chini. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mtambo mmoja usizidi takriban 10% ya gridi; kinu cha MW 1,000 kinataka gridi ya MW 10,000. Bwawa la Julius Nyerere lote, tabaini 9 za MW 235, ni MW 2,115. Ukubwa unaoendana na gridi ndogo ni kama wa Akademik Lomonosov kule Pevek, Urusi, vinu viwili vya MW 35 juu ya chombo kinachoelea.

Vinu vya maji yanayochemka vina njia nzuri kuliko zote kwa mabadiliko ya wastani: ongeza kasi ya pampu za kuzungusha maji, mapovu yanafagiliwa, nguvu inapanda; punguza, mapovu yanajaa, inashuka. Theluthi ya juu ya nguvu inadhibitiwa bila kugusa fimbo. Huko Bruce, Kanada, wanafanya tofauti: kinu kinabaki karibu palepale, na mvuke unapitishwa pembeni ya tabaini hadi kwenye kipoza mvuke, karibu MW 300 kwa kila kinu kati ya vinu 8. Joto linapotea ziwani, ila deni la zenoni halifunguliwi. Tumeongeza vali hii ya pembeni kwenye programu kwa mistari 12 tu, na tunadhani ndiyo ya kumfundishia anayeanza, kwa kuwa inatenganisha swali la umeme na swali la kinu.

Wiki ya 11: hali ya sasa

Mkondo wa Kigoma, wenye kilele cha saa 2 usiku na ule mdogo wa asubuhi, umeingizwa. Mgawanyo tuliojaribu: kinu kinashuka hadi 80% tu, na tabaini za maji zinabeba kilele. Mabadiliko ya boroni ya siku yamepungua sana, na kinu kimeendelea hivyo kwa siku 5 za kuiga hadi ppm 150 bila kukataa amri. Nguvu ya maji inapanda kwa kufungua vali na haina zenoni. Mafuta ya nyuklia ni sehemu ndogo ya gharama ya kinu, kwa hiyo kukishusha hakuokoi fedha nyingi. Palipo na maji, maji yaufuate mzigo kwanza.

Ubaoni, geji ya pili inasoma 3 °C juu ikipata joto mchana. Kinzani yake itabadilishwa. Rula ya kielektroniki inafanya kazi. Kazi inayofuata ni kuongeza fimbo ya pili, ya kijivu, kwenye mota yake. Skrubu imeshakatwa milimita 400, mashimo ya plaiwudi yamepigwa, na waya za swichi ya kikomo bado hazijalehemiwa.